Karatasi za Mahamri

Jumatatu, 3 Februari

Kutoka nyumbani saa moja kasorobo. Kufika kwa Bi Zuhura dakika tano baadaye. Kwa miguu. Hali ya barabara: vumbi.

Miaka thelathini na moja niliandika hivyo kwenye karatasi ya safari, kila nilipowasha lori la kampuni na kila nilipolizima. Nilistaafu mwaka jana. Mkono umekataa kustaafu.

Mahamri manne kama kawaida. Mke wangu Mwikali huyataka yakiwa moto. Mimi nataka karatasi. Tangu utotoni nasoma kilichofungia chakula. Nimesoma mtihani wa sayansi uliofungia njugu. Nimesoma barua ya mtu akiomba likizo, na ratiba ya mazishi ya mtu nisiyemjua, nikamsikitikia hadi mlangoni kwangu. Utamu wake ni kwamba mwanzo haupo na mwisho haupo. Unajazia mwenyewe ukitembea.

Ya leo ilikuwa nusu ya ukurasa wa daftari, biro ya buluu, mafuta yamekula pembe moja. "Matope ya Mwala yameshika magurudumu ya nyuma. Utingo amelala. Nimesoma maandishi ya gunia la unga mara tatu. Sasa nasoma mvua." Nikasimama pale penye mtaro nikitabasamu. Nikasema huyu jamaa anajua. Nikasoma tena. Mtu hatarajii kukutana na mkono wake mwenyewe kwenye mahamri, kwa hiyo nilifika mstari wa tano ndipo nikautambua mwandiko.

Ni mimi. Mwala, mwaka ule wa mvua nyingi.

Nimerudi karibu nikikimbia, na magoti haya. Nikapanda kiti, nikatazama juu ya kabati. Katoni ya madaftari haipo.

"Vitabu vya Kioko?" Mwikali akasema kutoka jikoni. "Nilimpelekea Bi Zuhura Ijumaa. Jumuiya ya kanisa inakuja kwetu Jumapili, na juu ya kabati kulikuwa kama stoo."

Hana kosa. Huku Shauri Moyo ndivyo ilivyo. Mtoto akimaliza shule, mama yake hubeba madaftari ya zamani kwa Bi Zuhura, na Bi Zuhura hurudisha sahani ya mahamri iliyofunikwa kwa kitambaa. Kioko yuko chuo Machakos, mwaka wa pili. Madaftari ya shule ya msingi yangemfaa nini? Sahani ililetwa Ijumaa hiyohiyo. Nilikula matatu, nikasifu.

Mjinga ni mimi. Nimeandika miaka tisa nyuma ya madaftari ya Kioko, kwenye kurasa alizobakisha, nikiyapindua juu chini na kuanzia jalada la nyuma. Mbele hesabu, nyuma baba yake. Nilijiona mwerevu. Nilisema nani atakayefungua hesabu za darasa la sita?

Nikamwambia Mwikali ni sawa tu. Chai imenishinda.

Jumanne, 4 Februari

Kutoka saa kumi na mbili na nusu. Wa kwanza kwenye kibanda.

Nimenunua mahamri kumi na mawili, nikataka kila mawili yafungwe peke yake.

"Una wageni, Baba Kioko?" Bi Zuhura akauliza. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Karatasi sita. Mbili insha za Kioko. Moja ya ofisi fulani. Tatu zangu. Katika moja nimemwita jirani yetu wa nyumba ya tatu bahili mwenye masikio ya kikombe. Bado ana masikio hayo. Nimeichoma.

Mwikali ameuliza mahamri yote haya ni ya nani. Tumeyala asubuhi, tumeyala mchana. Jioni nimeyaonea kichefuchefu.

Naandika haya nyuma ya kalenda ya mwaka jana, nimekaa kwenye kistuli kati ya mlango na pipa la maji. Mwikali ameenda sokoni. Nusu saa hii ya pipa la maji ndiyo niliyokuwa nikiisubiri kila siku. Biro ikianza kuteleza, bega linashuka, kichwa kinatulia. Leo hakuna kilichotulia. Nimeinuka mara nne kutazama njia.

Niandike wazi, labda nitapumua. Bahili si kitu. Kuna ukurasa mmoja tu unaonitisha, katika daftari la hesabu la darasa la sita. Mwaka ule Mwikali aliumwa mgongo. Miezi minne kitandani. Nilipika, nilimwosha, niliendesha lori, nilirudi, nilipika. Siku moja nilipeleka unga Emali. Nikamaliza kushusha, na badala ya kugeuza kurudi Nairobi nikaendelea na barabara ya Mombasa. Nikasimama kando nikaandika. Nusu ya juu ya ukurasa inasema nimepita Emali na sirudi. Inasema nimechoka na harufu ya dawa ya kuchua na sauti yake akiniita. Inasema ana dada zake, wamchukue. Niliandika jina lake.

Nusu ya chini inasema nilifika Kibwezi nikageuza.

Bi Zuhura huweka rula katikati ya kila ukurasa na kuupasua. Nusu ya juu inafunga mahamri ya huyu, ya chini inafunga ya yule. Mwikali akiipata ya juu peke yake, nimekwisha.

Jumatano, 5 Februari

Kwa kinyozi. Sikuwa na nywele za kunyoa. Nilikwenda kwa sababu anakunywa chai na mahamri ya Bi Zuhura.

Kinyozi wetu ni Kevo, mtoto wa hapahapa. Amebandika karatasi kwenye kioo. Ile ya Mwala, nusu nyingine, inayoendelea na usiku wa matope. Wateja wanaisoma wakinyolewa.

"Mzee, cheki hii," akaniambia. "Huyu msee anajua kutoa story. Lakini imekatikia hapo, buda. Nataka kujua kama huyo dere alitoka kwa matope."

Aibu, ndiyo. Na kitu kingine kilichonichukiza kwa sababu kilikuwa kitamu. Watu watatu walikuwa wakibishana juu ya lori langu. Mmoja alisema lazima alipakua gunia ili apunguze uzito. Mwingine akasema hapana, trekta.

Nikashindwa kujizuia. Nikasema labda ilikuwa hivi, labda wanakijiji walikuja na ng'ombe sita na nyororo. Nikaeleza ng'ombe, nikaongeza wa saba, nikaweka ngurumo, nikaweka mwanamke aliyeimba. Mwanamke huyo hakuwepo. Kevo alizima mashine kunisikiliza, kisha akaiwasha.

"Wacha tu, mzee. Ile ya karatasi imeweza. Yako umeongeza maji."

Nimenyolewa upara bila sababu. Nimetembea hadi Kariokor na kurudi. Hasira yote njiani. Nilimkasirikia Kevo kwa kusema kweli. Nilimkasirikia yule aliyeandika karatasi kwa kuandika vizuri kuliko ninavyosema.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwambia Bi Zuhura ukweli. Nilingoja wateja waishe, nikasema yale madaftari yalikuwa na maandishi yangu, ya siri.

Hakucheka. Aliipua karai kwanza.

"Na tangu juzi wanunua mahamri ya harusi ukaona haya kusema? Ndugu yangu. Ingia uchague. Ila usinitie vumbi kwenye unga."

Nimekaa saa mbili nyuma ya kibanda, juu ya debe, nikichambua. Ajabu ni kwamba nilisahau nimekuja kutafuta nini. Nilikuwa nasoma. Siku ya mbwa wa Kitui aliyelala chini ya lori hadi saa sita nisimwamshe. Siku Kioko alipong'oka jino akaliweka kwenye kikombe changu cha chai. Vitu vidogo. Vingekuwa vimepotea kabisa kama biro isingekuwepo. Nilicheka peke yangu hadi Bi Zuhura akaniuliza kama niko salama.

Nimerudi na madaftari manne na nusu. La hesabu limebaki jalada tu.

"Hilo nilianza nalo," akasema. "Karatasi zake nzito, hazipitishi mafuta. Lilikwisha Jumamosi na Jumapili."

Nikamuuliza Jumapili alimwuzia nani. Akanitazama kama anayemwonea huruma mtoto.

"Watu wote, Baba Kioko. Na mkeo akitoka kanisani."

Ijumaa, 7 Februari

Sijatulia hata kidogo. Mwikali anapaka rangi mlango, ananiambia nishike kopo, nashika. Namtazama usoni. Uso ni uleule. Anaimba. Mwikali huimba akifurahi, na huimba akikasirika pia. Miaka thelathini ya ndoa na bado siwezi kutofautisha.

Jumapili iliyopita alileta mahamri mawili. Nakumbuka vizuri, alinipa kwenye sahani. Karatasi sikuiona. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na gazeti.

Naogopa. Hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Jumamosi, 8 Februari

Kutoka saa mbili. Gikomba. Maseremala wa kule hununua kwa Bi Zuhura Jumamosi, hutuma mtu mmoja na ndoo nzima. Nimetembea kati ya vitanda visivyo na rangi na makabati yasiyo na milango, macho chini kwenye maranda na vumbi la mbao kama niliyepoteza pete. Kila karatasi yenye mafuta nimeiokota. Fundi mmoja aliniuliza natafuta nini. Nikasema risiti.

Nimepata karatasi tisa. Hakuna yangu hata moja. Nimezisoma zote hata hivyo. Moja ni ya mtoto anayeandika kuhusu mama yake. "Mama yangu ni mrefu na mweusi na hapendi kelele." Nimeiweka mfukoni. Kuna mama mahali anastahili kuiona.

Viatu vimejaa maranda. Mwikali amenifanya nivikung'utie nje. Hajauliza nilikuwa wapi. Kutouliza huko kumenitesa kuliko swali.

Jumapili, 9 Februari

Nitaandika kwa mpangilio.

Jumuiya ilifika saa tisa. Watu kumi na wanne, viti vya kuazima, chai. Nyumba inanuka rangi. Mwenyekiti akauliza nani atasoma. Mwikali akasema, "Baba Kioko ndiye msomaji." Akaniletea Biblia yake, si yangu. Akanipa ikiwa imefungwa, kidole chake kikiwa kati ya kurasa, akakitoa nilipoishika.

Nikaifungua. Karatasi ilikuwa pale. Nusu ya juu. Mafuta yameifanya iwe kama dirisha, na maneno ya zaburi yalionekana kupitia maneno yangu. Nimepita Emali. Sirudi.

Watu kumi na wanne wakingoja.

Nikasoma. Sijui nilisoma vipi. Sikuiondoa karatasi, nilisoma aya zilizokuwa pembeni yake, na zile zilizofunikwa nikazisoma kupitia mafuta. Sauti ilinikatika mara mbili. Mama mmoja akasema amina kwa uchungu, akidhani nimeguswa na neno.

Mwikali alikuwa akinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama jinsi anavyotazama sufuria inayokaribia kuchemka.

Amejua wiki nzima. Mahamri kumi na mawili, upara, maranda ya Gikomba, yote alikuwa akijua.

Jumatatu, 10 Februari

Safari: hakuna. Maneno: hakuna. Ugali na sukuma. Amenipakulia kama kawaida. Aibu inakaa nasi mezani, na hajaitengea sahani.

Jumanne, 11 Februari

Amesema asubuhi, akichambua maharagwe, bila kuinua kichwa.

"Nusu ya pili iko wapi?"

Nikasema imepotea. Nikasema nimeitafuta hadi Gikomba. Nikaanza kumweleza. Nikasema, Mwikali, siku ile nilifika Kibwezi, moyo ukaniuma, nikaona uso wako mbele ya kioo cha lori, nikalia.

Akainua mkono, na maharagwe ndani yake.

"Usinisimulie. Wewe ukisimulia unapamba. Hiyo ya juu haina pambo hata moja. Nimeisoma mara nyingi, najua. Nataka ya chini iliyo kama ya juu."

Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. Kwamba miaka yote alijua naandika, kule kwenye pipa la maji, na hakuwahi kutazama. Alidhani ni mambo ya gari. Saa ngapi, wapi, mafuta kiasi gani. "Nilifikiri unalikumbuka lori."

Mchana amekwenda dukani akarudi na daftari jipya, lile gumu la jalada jeusi. Ameliweka mezani.

"Anzia mbele," akasema.

Alhamisi, 13 Februari

Bado naandika kwenye kalenda. Daftari jeusi linanitisha. Nimefungua ukurasa wa kwanza mara sita.

Mara ya kwanza niliandika kwamba nililia. Sikulia. Nimekata. Mara ya pili niliandika kwamba nilimkumbuka jinsi alivyokuwa siku ya harusi. Uongo, sikumkumbuka. Nimechana. Nimezunguka mtaa mara tatu. Nimesimama kwa Kevo, karatasi ya Mwala bado iko kwenye kioo, nikaisoma kama mwanafunzi. Haisemi alihisi nini. Inasema gunia, utingo, mvua.

Basi nijaribu hapa kwanza, kwenye kalenda, ambapo si kitu.

Nilisimama Kibwezi kuandika saa ya kufika. Mazoea. Nikalichukua daftari upande mbaya, likafunguka kwa mbele, kwa Kioko. Hesabu yake ya mwisho kabla ya kurasa zangu. Ameandika swali, ameandika jibu mara mbili, amefuta mara mbili hadi karatasi ikatoboka. Chini yake, kwa penseli: "Hapa muulize Baba."

Nikaifanya ile hesabu. Kando ya barabara, injini inanguruma. Ilinichukua dakika kumi, ilikuwa ya sehemu, na sehemu sijawahi kuzipenda. Nilipopata jibu nikaona lazima mtu ampelekee. Nikageuza lori. Nikanunua machungwa kwa sababu huwezi kurudi ukiwa umechelewa na mikono mitupu.

Ni hayo tu. Hakuna uso kwenye kioo. Sikurudi kwa sababu ya Mwikali. Nilirudi kwa sababu ya sehemu za darasa la sita, na nilipofika nyumbani alikuwa macho akaniita, na nikaenda. Kesho yake nikaenda tena.

Naogopa kumpa hii kuliko nilivyoogopa ile ya juu.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeinakili. Neno kwa neno, bila kuongeza ng'ombe.

Nimeliacha daftari mezani, juu yake miwani yangu, kwa sababu miwani ya Mwikali imevunjika mkono. Kisha nikatoka. Nimetembea hadi daraja la Mathare, nikasimama, nikarudi, nikapita mlango wetu, nikaenda tena. Nilipoingia daftari lilikuwa palepale na miwani palepale. Sijui kama limeguswa.

Jumapili, 16 Februari

Leo naandika kwenye daftari jeusi, mbele, mezani. Si kwenye kistuli.

Baada ya kanisa Mwikali alivuta kiti dirishani, akavaa miwani yangu, akasoma. Ukurasa mmoja. Alikaa nao muda mrefu kuliko ukurasa mmoja unavyohitaji. Mimi nilikuwa naosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Alipomaliza akasema, "Hayakuwa machungwa."

Nikasema yalikuwa machungwa.

"Yalikuwa maembe. Nilikula nimelala, maji yakanimwagikia shingoni hadi kwenye shuka, na wewe ukabadilisha shuka saa hiyohiyo bila kusema neno. Nikajua kuna kitu. Sikujua kitu gani." Akafikiri. "Mimi pia nilitaka kuondoka, Mutiso. Ila mimi sikuwa na lori wala miguu."

Nimechukua biro, nimekata machungwa, nimeandika maembe juu yake. Akaangalia nikiandika, akatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu.

Kisha akakoroga unga wa ngano na maji kwenye kifuniko, jinsi tulivyomtengenezea Kioko gundi zamani. Akaitoa ile nusu ya juu kwenye Biblia, akaipaka nyuma kwa kidole, akaibandika kwenye ukurasa wa kwanza, hapo penye nafasi juu ya maandishi yangu. Kingo za rula ya Bi Zuhura bado zinaonekana. Mafuta yameanza kupenya upande wa pili. Aliweka chungu juu yake hadi ikakauka ikiwa imenyooka.

Sasa amesinzia kwenye kiti. Miwani yangu bado iko usoni kwake, kwa hiyo naandika karibu kwa kupapasa.

Safari leo: hakuna.